Gae la Nyabenda

Daktari alinimwagia kiganjani
punje nyeupe, ungedhani chumvi ya Uvinza.
"Kauri hiyo, mama. Imechomwa tanuruni.
Tutajazia muundi wa Nyabenda
pale pikipiki ilipompunja."

Nikacheka. Mimi, mfinyanzi wa Heru Juu,
kanga yangu yanuka moshi wa vyungu!
Bibi yuko kaburini mwaka wa arobaini,
magae yake bado yanaligonga jembe langu.
Kwa hiyo mwanangu atazeeka na gae mguuni?

"Hili huliwa," akasema. "Mfupa unalimega,
na unapomega, unakaa papo hapo."
Nikalamba punje moja. Haina hata munyu.

Picha ya kwanza: changarawe tupu.
Ya pili: changarawe kwenye ukungu.
Masika yakapita, na kiangazi;
ya nne akaiinua dirishani,
akaitafuta kauri yake, hakuiona,
nami nikitafuta shimo.

Nyabenda alikuwa keshafika stendi,
bahasha ya picha kaniachia mimi.

Kesho yake nikatoa chungu motoni,
nikakigonga kwa kidole, kikalia vizuri.
Nikakionea huruma:
kigumu hivi,
hakijui kuondoka.