Mshika Ufunguo

Walinichagua kwa kuwa nina mwandiko mzuri
na sina mume wa kumpendelea.
Milango saba, tangi moja, mfereji mmoja, Mlaleo,
na maji yaja Jumanne na Ijumaa, yakipenda.
Nikaandika ukutani kwa rangi ya kijani iliyobaki ya lango:
madumu manne kila chumba,
anayeruka zamu hamsini,
saa mbili usiku kufuli,
na asiye na ufunguo asiguse mfereji.
Ilipendeza. Nilirudi nyuma hatua tatu kuisoma.

Wa kwanza kumkata alikuwa Mutheu,
afuaye nguo za watu wa Nyali kwa mkono.
Aliruka wawili, beseni kichwani, hakutazama nyuma.
Nikaandika. Akalipa kwa sarafu za kumi kumi,
zimelowa, zanuka sabuni.
Uani wakanisifu: sheria ni msumeno!
Nikalala vizuri.
Sikuuliza mpini uko mkononi mwa nani.

Sirya ana mdomo.
Ijumaa alikuja na dumu la tano,
akasema hili ni mdogo wake lile la nne,
lamsindikiza kakake, halikunywa kitu tangu jana.
Nikacheka mpaka kalamu ikaanguka.
Si dumu moja tu?
Jumanne, kila la nne lina mdogo wake,
na mimi nacheka, nacheka na watu,
tangi likaisha saa kumi na moja.
Okumu akarudi saa kumi na mbili kutoka lindoni
akakuta mfereji unakohoa.
Hakusema neno. Alilipindua dumu lake mlangoni pangu,
mdomo chini,
akaingia kulala na vumbi lake.

Hapo nikawa chuma.
Mbodze, mimba ya miezi minane, alifika saa mbili na dakika tatu;
alilisikia kufuli likibana.
Nikamwonyesha saa ya simu.
"Nambari hazina huruma," nikasema,
na nilipenda nilivyolisema.
Mwezi mzima daftari jeupe.
Nilimwonyesha hata dada yangu, alipovuka kutoka Likoni kuja kunitazama.
Akasikiliza foleni kwa muda.
"Mna msiba?" akauliza.

Usiku wa Ijumaa ile koki ikaachia.
Ilitaka kitambaa na fundo moja.
Maji yakatoka tangu saa nne hadi adhana ya alfajiri,
yakapita chini ya milango, yakajua kichochoro,
yakaenda zao hadi kwa muuza makaa.
Milango yote ilisikia.
Sirya alisikia. Mbodze alisikia, usingizi hana siku hizi.
Mutheu alitoka kabisa,
akausoma ukuta kwa mwanga wa simu,
akarudi ndani.
Mimi mwenye ufunguo nimelala chumba cha mbele, feni sikioni.
Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyevunja sheria.
Kisauni nzima hapakuwa na watu watiifu kama sisi,
na hatukuwa na maji ya kutawadha.

Nilimpelekea Mutheu hamsini yake, noti kavu.
Hakuipokea.
"Zamu niliruka, nimelipa.
Ila uliandika kabla hujauliza."
Nikauliza, miezi mitatu nimechelewa.
Akaniambia.
Hilo siliandiki popote.

Mstari wa mwisho nimeukwangua kwa kijiko.
Ile mitatu nimeiacha:
Okumu bado hurudi saa kumi na mbili,
na dumu la tano bado ni dumu la mtu.
Daftarini nimepiga msitari mpya, wima,
juu yake nimeandika: Sababu.
Sirya tayari anazo kumi na moja.

Sasa hivi, saa tatu kasoro, nasikia plastiki
ikigonga saruji gizani.
Naamka. Mezani pana kalamu, pana kurunzi.
Mkono mmoja wafunga leso.
Wa pili haujachagua.