Lumbesa

Isongole, Juni. Ukungu umekaa juu ya viazi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nashona mdomo wa gunia,
na mnunuzi kutoka mjini anasema: ongeza.
Naongeza. Gunia linaota kichwa, kichwa kinaota kofia,
bei inabaki palepale, ya gunia moja.

Hivyo ndivyo nilivyomsomesha mdogo wangu.
Magunia kumi na manne muhula wa kwanza,
kumi na tisa wa pili, soko lilipoanguka.
Viazi havijui tarehe ya kufunga usajili.

Habari ya chuo ilifikia simu ya Tumpe wa duka la mbolea.
Tuliisoma tumesimama, watu tisa,
kioo kimepasuka katikati ya neno Hongera.
Kisha ikaja fomu ya mkopo.
Fomu iliuliza: baba yu hai?
Subilaga akaishika kalamu, asiandike.
Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu
mwaka ule tulioezeka jiko kwa bati.
Hatukumzika. Hatukumwona tena.
Mtendaji wa kijiji akasema anao muhuri wa aliyekufa
na muhuri wa aliye hai;
wa aliyekwenda Chunya hana.

Tukaandika: yu hai.
Basi huko juu, kwenye mashine inayopima umaskini,
baba yetu akahesabiwa kuwa analipa.
Asilimia thelathini na tano wakatoa wao,
iliyobaki akaachiwa yeye,
mwanamume tusiyejua hata kama ana viatu.

Nayo ada, kumbe, ina lumbesa yake.
Umelipa gunia, wanakwambia bado kichwa:
kitambulisho, bima, mtihani, serikali ya wanafunzi,
na pesa ya tahadhari.
Sikupata kujua tulikuwa tunatahadhari nini.

Mwaka wa pili somo lake likatoka kwenye orodha ya vipaumbele.
Hakuna aliyegombana naye. Orodha tu ilihama,
kama Kiwira inavyohama kidogo masika
na shamba la mtu likaamkia ng'ambo.

Kule Iringa walipanga watano chumba kimoja,
kwenye mteremko wa mawe, upepo ukipita chini ya mlango.
Usiku mmoja alinitumia ujumbe: Kaka, nimeshiba.
Sikuwa nimeuliza.

Mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, wiki ya mitihani,
jina lake halikuwepo ukutani.
Deni: laki nne na themanini elfu.
Magunia manane. Nilikuwa na kama matano ardhini, machanga,
nikayachimba hivyo hivyo,
maganda yakichubuka kwa kidole.
Hayakutosha.

Chuo kiliandika: ameahirisha.
Kanisani wanasema amepumzika.
Mama hasemi. Begi hajaliruhusu lifunguliwe,
atakayelifungua alifungulie huko linakokwenda.

Leo Subilaga yuko hapa na daftari la mizani,
kibarua wa msimu, shali ya mama mabegani.
Mnunuzi anasema: ongeza.
Hainui macho.
"Gunia hili lina kilo mia moja arobaini na mbili.
Unalipa mia.
Arobaini na mbili, mara magunia sitini ya kijiji,
ni kilo elfu mbili mia tano na ishirini.
Hiyo ni ada yangu ya mwaka mzima,
iko juu ya lori lako, haina risiti."

Mnunuzi anacheka, halafu hacheki.
"Wewe binti, umesoma mpaka wapi?"

"Theluthi mbili," anasema,
anaitwaa sindano mkononi mwangu
na kulishona gunia usawa wa mdomo.
Viazi vilivyozidi vinabingirika matopeni.
Ninataka kuinama kuviokota, mazoea tu ya mgongo.
Ananikanyaga mguu, polepole.