Kikombe Kimoja cha Basawadi

Sinacho tena, basi niaminini kwa neno:
kipande cha shaba, upana wa kucha ya gumba,
tundu katikati la kupitishia uzi,
upande mmoja dele lililokatika mdomo,
upande wa pili mikwaruzo tu.

Bibi alikitoa kwenye mkebe wa vifungo.
"Kahawa ya Basawadi," alisema, "kikombe kimoja.
Aliyetuachia hakuwahi kuinywa."

Enzi hizo, Malindi, riale ilikuwa kubwa mno.
Nani akuvunjie riale kwa kikombe cha kahawa?
Pesa ndogo zikija na merikebu ya Bombei,
sokoni zikamezwa kabla ya adhuhuri.
Awadh Basawadi akachoka kuandika madeni ukutani kwa mkaa,
masika yakiingia na kuwasamehe watu wote.
Akakatakata sufuria iliyotoboka,
akagonga chapa yake, msumari na nyundo,
mkono ukateleza penye mdomo wa dele,
na kosa lile likawa ndiyo sahihi.

Vikatoka mkahawani, vikatembea.
Kinyozi alivipokea. Hamali alivipokea,
akavifunga kwenye pindo la shuka.
Biharusi mmoja wa Funguni alitunzwa vitatu.
Kimoja kilinunua mchicha, mafungu mawili,
na muuza mchicha hanywi kahawa,
humwibia usingizi.

Fundi bati wa Kokoni, Shekue, akaiga.
Dele lake lilikuwa zima, mdomo umekamilika.
Basawadi akakitazama, akacheka, akammiminia.
"Kunywa. Ila hiki ni kizuri mno kuwa changu."

Alipokufa, watu walijipanga uchochoroni,
viganja vimefumbwa.
Binti yake, Muzna, akawasha mkaa
siku tatu za matanga, akimimina, akihesabu,
mpaka buni ikaisha, tangawizi ikaisha,
akabaki anamimina maji ya moto,
na watu wakayanywa, wakamwombea marehemu.

Mwezi uliopita nilikwenda nacho barazani,
nikakiweka mbele ya muuza kahawa, mzaha tu.
Alikigeuza. Alikigonga kwenye dele lake, akasikiliza.
Akamimina, akanisogezea na kashata,
kisha akakitia mfukoni, kikalia pamoja na sarafu zake,
na mie, kwa haya, sikuweza kusema natania.

Kahawa ilikuwa chungu. Niliimaliza.
Nimefika nyumbani ndipo najiuliza:
ile kashata, ilikuwa chenji?