Jino la Guram

Mzevinar alikuja na mfuko wa nailoni,
ndani kaseti moja iliyovishwa soksi ya mtoto,
na kwenye simu, picha alizopiga juzi mjukuu wake Nutsa:
mzabibu wa kibarazani, kiti kitupu,
kila jani na mishipa yake, kila tone na jua lake.
"Arobaini ni Jumamosi ijayo," akasema.
"Viunge viwe filamu moja.
Watu wasione penye mshono."

Mimi ni fundi wa mshono. Nina chumba
juu ya duka la mikate, hapa Kutaisi,
na Rioni unanguruma chini kama feni mbovu.

Mkanda ni wa mwaka tisini na nane.
Guram kasimama mezani, pembe ya divai mkononi,
anawaombea wageni heri.
Picha yake ni mistari mia tano sabini na sita,
nayo haiji kwa pamoja:
hutangulia ya witiri, hufuata ya shufwa,
nusu ya mtu mbele, nusu nyuma yake,
akiinua mkono haraka, vidole vinachanika
kama meno ya kitana.

Njia nazijua. Ya kwanza: mvute mzee ajaze kioo.
Nikamvuta. Akatanda kama uji uliozidi maji,
utosi ukakatwa, pembe ikatoka nje ya dunia.

Ya pili: mchafue mjukuu.
Nikaumwagia mzabibu chenga, nikaufifisha.
Sikuvumilia hata dakika.
Ni kumfumba mtoto macho ili babu asione haya.

Ya tatu ni programu mpya, nailipia kwa mwezi,
inayokisia kisichokuwapo.
Nikaiacha ifanye kazi usiku kucha.
Alfajiri, harufu ya mkate ikipanda ngazi,
Guram alikuwa ananitazama,
kope moja moja, vinyweleo vya shavu,
tabasamu lililojaa.
Nikajipongeza, nikanywa kahawa mbili.

Mzevinar akaketi, koti hajavua.
Akatazama. Akarudi nyuma
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.
"Huyu ni nani?"
"Guram, mama."
"Guram hakuwa na jino hilo."

Akanionyesha kinywani mwake mwenyewe, juu, kushoto.
Spana ililing'oa, gereji ya mabasi ya umeme,
mwaka ule ule waliooana,
na tangu hapo kila alipomwita, Mzevinar,
ile *ze* ilipita pale ikipiga filimbi.
"Umeziba tundu nililokuwa naitiwa."

La kusema sikuwa nalo.
Kazi ya usiku nikaifuta mbele yake.
Nikamrudisha mumewe kwenye mraba wake na ukungu wake;
witiri na shufwa tu nikazipatanisha
ili vidole visichanike,
nikamwacha katikati ya kioo,
kushoto weusi, kulia weusi,
ukubwa wa mtu aliyesimama mlangoni.

Jumamosi walitundika shuka ukutani, lina mkunjo wa pasi.
Kwanza kiti cha Nutsa, kipana, kila uzi wa mto wake.
Kisha kata: giza likaingia pande mbili,
na katikati, mdogo, Guram.
Mshono ulionekana. Ulionekana hadi jikoni.
Watu wakasogeza viti mbele, hawakuambiwa.
Mtoto akauliza mbona babu yuko dirishani.
Mtu akampa keki.

Halafu ndani ya mkanda umeme ukakatika,
kama ulivyokuwa ukikatika kila jioni miaka ile,
na ukumbi mzima ukangoja uwake.
Gizani, sauti ikauliza mshumaa uko wapi,
ikamtaja mtu kwa jina, na jina likapiga filimbi.

Safu ya mbele, nilisikia
zipu ya pochi ikifunguliwa,
na mkono ukipapasa ndani.