Nyuma ya Leseni

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kitanda cha saba, karibu na dirisha.
Kwa saa nne damu yangu inatoka matembezini,
inapita mirijani, inaoshwa, inarudi
ya baridi kidogo, kama mgeni aliyesahau kanzi yake njiani.

Hapa Asahikawa theluji imefika madirishani.
Miaka thelathini niliendesha gari la kuisukuma;
barabara za mji huu nilizifungua mimi,
alfajiri, wenyewe wangali usingizini.
Sasa naingoja njia moja tu, na haifunguki.

Bi Tokunaga wa kitanda cha sita
alikuwa akifuma soksi. Mwaka wa kumi na moja wa kungoja figo,
soksi ya kwanza ilikwisha.
Jumatano moja shuka lake lilikuwa jipya.
Hakuna aliyeuliza. Muuguzi Hiyama
alinikaza mkanda wa presha kuliko kawaida.

Nitasema nisilomwambia mke wangu:
usiku, king'ora kikilia upande wa daraja
na lami imekuwa kioo,
kuna kitu ndani yangu huamka, kikakaa kitako,
kikatega sikio.
Kijana wa nani huyo? Ana mama?
Kisha nageukia ukuta,
na ukuta hauna msamaha wa kunipa.

Kutoa ni moyo, husemwa.
Waliosema walidhani ni fumbo.

Jana nilitafuta risiti kwenye pochi
nikakuta leseni. Nikaigeuza.
Nyuma, kwa herufi za kusumbua macho:
namba tatu, zungushia moja;
kisha orodha ya viungo, kata usichotaka kutoa;
kisha mahali pa sahihi.
Peupe.
Peupe kama mashamba ya mpunga mwezi wa pili.
Nimepewa leseni mpya mara ngapi, mimi,
na kila mara nikatazama mbele tu,
kama picha imetoka vizuri.

Nikaomba kalamu kwa Hiyama.
Wino ukagoma; nikaupumulia.
Nikazungushia moja.
Figo nikalipiga mstari: ya nini kumrithisha mtu deni?
Moyo, wa mzee wa sukari, sijui. Nikauacha, waamue wao.
Macho nikayapita,
nikarudi, nikasoma tena: macho.
Yameona theluji nyingi.
Huenda yakamfaa mtu
ambaye hajaiona.