Wingu la Upande Gani?

Pale Makoroboi, babu alipokata makopo
akayatia utambi akayauza taa,
mimi natengeneza simu.
Na taa, zikiletwa.

Nkwimba, mwanika dagaa wa Igombe, alileta yake:
ya njano, ya mkopo wa kampuni,
bado inanuka ziwa.
"Imezima yenyewe saa nane usiku.
Mwezi haupo, dagaa wamejaa kwenye mwanga
wanatokota kama wali.
Mwanangu akaitikisa, akaipiga kofi, akaibembeleza.
Dagaa wakashika njia yao.
Haijafa, fundi. Imenuna.
Nimechelewa kulipa siku mbili."

Skrubu zake zilikuwa na tundu la nyota,
makusudi, ili bisibisi ya mtu kama mimi ikose pa kushika.
Na kibandiko: Ukifungua, dhamana imekufa.
Nikainoa spoku ya baiskeli sakafuni
mpaka ikawa nyota.

Watu wakajaa, sijui nani aliwaita.
Muuza soksi aliacha soksi.
Minza, wa darasa la tano, alipanda juu ya ndoo.
Bwire wa vocha akasema ndani kuna zebaki.
Mwingine, sumaku.
Mwingine, ambaye hajawahi kukosa jibu,
akasema ni jini, ila hili limesomeshwa.

Kifuniko kikaachia: tak.
Betri. Ubao wa kijani, mdogo kama kucha ya gumba.
Na pembeni, imejilalia,
laini ya simu.

Nkwimba alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya.
"Taa yangu," akasema polepole,
"humpigia nani?"

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na minne nafungua vitu,
na ninachojua ni kufungua.

Jumatatu tukapanda ngazi za ofisi yao, watu kumi na wawili,
Minza nyuma yetu na begi la shule.
Kijana wa fulana yenye nembo alitupokea vizuri,
maji ya chupa kwa kila mtu.
"Taa hutuma taarifa," akasema. "Saa ilizowaka.
Mahali ilipo. Malipo. Ni mfumo."
Mfumo unakaa wapi?
"Kwenye wingu."

Ungewaona wanawake wa Igombe
walivyogeukia dirisha, wote kwa pamoja,
kutazama upande wa Ukerewe.
Kwao wingu si neno la kuazima.
Likijikunja juu ya maji asubuhi
una dakika chache za kuzoa dagaa mchangani,
la sivyo mtaji wako unalowa, unaoza,
unauzwa chakula cha kuku.

"Wingu la upande gani?" akauliza Nkwimba.
Hakuwa anatania.

Kijana akacheka, kisha akaacha.
Nilimwona akitafuta neno jingine mdomoni
asilipate. Hakuwa mwongo.
Ameajiriwa kusema mfumo,
na hajawahi kufungua hata taa moja.

"Basi nisikilize," Nkwimba akasema.
"Taa mia tatu zikikusanyika mahali,
wewe, umekaa hapa na viatu vikavu,
unajua dagaa walipo.
Mimi nalipia mwanga.
Habari za dagaa, nani ananilipa?"

Akaandika. Akaandika na jina lake,
kwanza kwa makosa, akasahihishwa.
Jibu, wakasema, litakuja.

Nkwimba amelipa deni, taa inawaka.
Nimeirudishia skrubu zote isipokuwa moja,
ninayo mfukoni, sijui kwa nini.

Minza huja kila jioni baada ya shule.
Jana alileta daftari: amechora wingu kubwa juu ya ziwa,
chini yake mitumbwi midogo midogo,
na kwenye kila pembe ya wingu, nyota.
"Hizo ni nyota za usiku?" nikamuuliza.
"Hapana," akasema, akiitazama spoku yangu,
"ni skrubu."