Nusu Saa Juu ya Balad Sit

Usiku wa kuamkia safari, sakafuni Sib,
nimevipanga vyote mkekani kama vyombo vya bibi harusi:
jiko la gesi, chujio, taa ya miale ya zambarau,
kijaluba cha vidonge vidogo kuliko jino la mtoto.
Mizani ya jikoni, ile ya kupimia wanga wa halwa,
leo inapima woga wangu kwa gramu.

Jiko, mia nne na ushei, pamoja na mtungi wake.
Kuchemsha hakudanganyi: kilichotokota kimekufa.
Lakini Muzna anacheka. Nyuzi arobaini kivulini,
nani atapuliza kikombe?
Taa nyepesi, yapendeza, dakika moja na nusu basi,
ila kwenye tope haioni, na betri ikizimika
tumebeba kalamu isiyo wino.
Chujio huzuia mchanga na vijidudu vinene;
vile vyembamba kabisa hupenya
kama wasioalikwa penye pilau.
Vidonge havina uzito. Vinataka kungojwa tu.

"Kunywa," husema kaka yangu Nabhani,
"maji ya mlimani, yanatoka mwambani."
Ndivyo alivyosema mwaka jana, Wadi Tiwi,
kisha siku tatu usiku tukamsikia
akipigana na zipu ya hema.
Zipu ile siisahau.

Sasa tuko juu ya Balad Sit, saa sita na nusu.
Falaji iko chini, kijijini, ina wenyewe na zamu zao.
Sisi tuna dimbwi.
Dimbwi zuri, kijani, samaki wa kudonoa vidole,
unahesabu kokoto za chini.
Na ukingoni mwake mbuzi saba
wanatutazama kwa macho ya watu waliokwisha kuoga.

Muzna akaukamua mfuko wa chujio kama anayekamua tui,
uzi wa maji ukashuka chupani.
Kisha kidonge, kimoja kwa lita.
Kisha saa.

Nusu saa.
Kumbe kuchagua kwenyewe ni hapa, si dukani:
midomo imepasuka, chupa baridi mkononi,
na hunywi.
Nabhani, wala sikumwambia kitu,
kafungua kizibo, kanusa, kafunga.
Akakaa kitako juu ya jiwe.
"Bado ngapi?"
"Kumi na tisa."
Mbuzi wakashuka, wakanywa, wakaenda zao.

Muda ulipotimia Muzna alitangulia.
"Yananuka bwawa la hoteli," akasema,
akapangusa kidevu,
akampa kaka yangu chupa.